Mchepuko wa Kwenda Kamuli

Namshukuru Mungu aliyeniamsha asubuhi ya leo, akanipa macho ambayo bado yanaona mstari na mkono unaoweza kushika kalamu. Sifa ni zake, siku ya kicheko na siku ya udongo mbichi. Ninayoyaandika hayanipi sifa mimi. Nayaandika kwa sababu yeye amenivumilia muda mrefu, nami nisingependa kufa nayo moyoni.

Nilikuwa mwinjilisti kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kukaa na migomba yangu Kihanga. Kaka yangu, mkubwa wangu kwa kuzaliwa, alibaki Kamuli kwenye kibanja cha baba yetu, shamba la migomba lenye nyumba ya familia. Baba aliacha kibanja hicho kigawanywe kati yetu. Siku moja tukabishana juu ya mpaka, wazee wa kijiji wakaitwa, nami nikasimama mbele yao nikaapa kwamba miramura ya baba, ile mimea ya majani marefu tunayopanda kutenganisha vibanja, ilipita upande wa kwake. Wazee waliniamini kwa sababu ya kazi yangu. Kaka alinitazama tu, akaingia ndani. Kuanzia siku hiyo tulisalimiana kwenye misiba, basi.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa nachimba shimo la mbolea katika kipande changu kule Kamuli, jembe likagonga kisiki cha mramura wa zamani, kisha kingine, kwenye mstari mmoja. Vilikuwa hatua nne ndani ya upande niliopewa. Kaka alikuwa amesema kweli. Nilifukia shimo, nikachimba jingine mbali kidogo. Kwa miaka miwili sikumwambia mtu, na Jumapili niliendelea kukaa kiti cha mbele.

Ndipo simu ilipokuja alfajiri. Aliipokea mwanangu, ambaye ni mwalimu na tunaishi naye. Alitoka uani, akaongea huko kwa muda, akarudi akisema, "Baba, baba mkubwa amezidiwa. Wanasema twende."

Niliwaza jambo moja tu: nifike akiwa bado anasikia, nimwambie kwamba ulikuwa na haki, mpaka ni wako, nisamehe. Nilichukua chupa ya maziwa na asali kidogo, kwa kuwa kaka alipenda kulambishwa asali anapougua. Mwanangu alivaa koti lake jeusi. Nilidhani ni kwa ajili ya baridi.

Kila anayesafiri upande ule anajua barabara yetu ilivyo sasa. Inajengwa, na lami itakapokuja tutamshukuru Mungu, lakini siku ile ilikuwa imechimbwa yote. Tuta la udongo mwekundu lilikuwa katikati, greda limeegeshwa, na magari yakielekezwa kwenye njia ya mchepuko iliyokatwa kando ya mlima, kati ya migomba ya watu. Upana wake ni wa gari moja. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa nzima iliyotangulia.

Mwanangu aliendesha polepole mno. Nilimwambia, "Ongeza mwendo, tunamwendea mgonjwa."

"Tutafika, baba."

"Tutafika lini? Unaendesha kama unapeleka mayai sokoni."

Alibadilisha gia, mwendo ukabaki uleule.

Mwanzoni mwa mchepuko tulisimamishwa na binti mwenye kizibao cha kung'aa na bendera nyekundu. Magari sita yalikuwa mbele yetu, na nyuma yetu ikaja pikapu yenye godoro. Juu ya godoro alilala mama mwenye uchungu wa kuzaa, ameshikwa mabega na mwanamke mwingine. Niliwaona vizuri. Siwezi kusema sikuwaona.

Nilishuka nikamwendea binti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nina mgonjwa mahututi Kamuli. Naomba unitangulize."

"Mzee, kila mtu hapa ana haraka. Yule pale ana harusi, yule ana ndizi zinaiva garini."

"Mimi ni mwinjilisti. Sikudanganyi."

Dereva wa pikapu naye alikuwa ameshuka. "Dada, mimi nina mama wa uchungu, kituo cha afya kiko mbele huko. Mzee ana mgonjwa, lakini mimi ninao wawili kwa mpigo."

Watu wakacheka kidogo. Binti hakucheka. "Nikiruhusu wawili nje ya foleni, hawa wengine watanipiga. Magari ya upande wa pili yakishamaliza kutoka, natanguliza moja." Alinitazama mvi, akamtazama dereva, akasema, "Mzee kwanza."

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilirudi garini nikiwa nimefurahi, na mwanangu akainamia usukani.

Magari ya upande wa pili yakaanza kutoka kwenye migomba, moja moja, yamejaa matope hadi vioo. Mwishoni kabisa ikatoka pikipiki. Aliyeiendesha ni jirani wa kaka, mfuga nyuki, aliyewahi kunipa hiyo asali. Aliponiona akazima pikipiki, akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Pole sana, mzee. Pole sana. Ameenda vizuri, hakuhangaika. Mimi natafuta misumari, tumepungukiwa misumari ya jeneza. Kaburi wameshafika kifuani."

Nilikuwa nimepakata ile chupa ya maziwa.

Mfuga nyuki alinitazama usoni, akamtazama mwanangu, akatambua kosa lake. "Nisamehe, mzee," alisema, akaondoka upesi.

Nilimuuliza mwanangu, "Tangu saa ngapi?"

"Kabla ya simu, baba."

"Na ukaniacha nibebe asali?"

"Ningefanyaje? Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu haambiwi kifo akiwa njiani."

Ni kweli. Huku kwetu mtu mzima haambiwi kwa simu kwamba nduguye amekufa. Anaambiwa amezidiwa, aje, na akifika uani anaona mwenyewe. Nimezipeleka habari hizo kwenye nyumba nyingi, nikasema "amezidiwa" huku najua sanda imeshakatwa. Nilikuwa bingwa wa neno hilo, na lilipokuja kwangu sikulitambua, kwa sababu nilihitaji sana liwe kweli.

Binti akainua bendera ya kijani. "Haya mzee, pita, wahi mgonjwa wako!"

Nikamwambia mwanangu asogee pembeni. Nikashusha kioo, nikamwita dereva wa pikapu. "Tangulia wewe. Wangu hana haraka tena."

Alipita bila kusema asante, na alikuwa sahihi. Niliona mkono wa yule mama umeshika ukingo wa pikapu. Mpaka leo sijui alijifungua salama au la. Huwa namwombea, yeye na mtoto, bila kujua kama naomba kwa ajili ya walio hai.

Nyuma ya pikapu likapenya lori la kifusi, likazama katikati ya mchepuko, na njia ikazibika. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili, tukitazama vibarua wakikata magogo ya migomba na kuyatupa chini ya magurudumu. Mwenye migomba alisimama na kuangalia tu.

Walitusubiri Kamuli. Walisubiri hadi mchungaji alipoona mvua inarudi na kaburi linaanza kuingia maji. Tulipofika walikuwa wanasawazisha udongo kwa majembe. Mtu mmoja alinipa konzi ya udongo, lakini hapakuwa na mahali pa kuudondosha, shimo lilishajaa. Nikauweka juu.

Nilimkuta shemeji yangu, mjane, ameketi kwenye majani ya msiba yaliyotandikwa ndani. Nilipiga magoti mbele ya watu nikamweleza yote: kisiki, hatua nne, kiapo changu.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Ulikiona kisiki lini, shemeji?"

"Miaka miwili iliyopita."

"Miaka miwili iliyopita," alisema, "barabara ilikuwa haijachimbwa."

Alimwita binti yake alete kikapu cha punje za kahawa, akanipa tatu kiganjani nitafune, kama tunavyompa mgeni. Nilizaliwa katika nyumba ile. Nilizitafuna.

Wiki iliyofuata nilirudi na miche ya miramura, nikaipanda pale kwenye visiki vya baba, shemeji akitazama kutoka mlangoni. Tulipita mchepuko uleule, na tulipitishwa mara moja. Hapakuwa na foleni hata kidogo.

Wewe unayesoma, Mungu akulinde uendako. Kama kuna mtu anayekudai neno, Bwana akuondoe nyumbani leo, njia ingali wazi, akufikishe akiwa bado anasikia. Amina.