Nyasi Zenye Mimba

Enzi zetu, goti lisilo na kovu lilikuwa goti la mgeni. Sisi tuliokulia juu ya uwanda wa Ufipa katika miaka ya vijiji vya ujamaa hatukuwa na miti mingi ya kupanda, lakini tulikuwa na nyasi, kuanzia mlangoni mwa nyumba hadi mbingu zilipoanzia. Tuliketi juu ya matita ya majani mabichi, tukateremka vilima kwa kasi ambayo wazazi wetu hawakuijua, na jioni tukarudi na nguo zilizogeuka rangi. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka ndani ya ukungu, tukiimba huku meno yakigongana, na tulipofika darasani vidole vilikataa kushika kalamu. Vijana wa leo, ambao kila kitu kwao ni "poa", wangeijua maana kamili ya neno hilo kwetu mwezi wa Julai.

Shule yetu, upande wa Mwazye, ilikuwa na shamba, kama shule nyingi za wakati ule wa elimu ya kujitegemea. Ilikuwa pia na ng'ombe mmoja wa maziwa, mwenye mabaka, tuliyemwita Tumaini. Maziwa yake yalitiwa katika uji wa ulezi wa darasa la kwanza, alikosoma mdogo wangu Desderi. Desderi alikuwa mtoto wa mafua na mbavu za kuonekana, lakini tangu uji ule upate maziwa alianza kukimbia mchakamchaka bila kubebwa. Shida ilikuwa kiangazi. Mwaka uliotangulia, moto wa nyika ulipokwisha kupita na nchi kubaki nyeusi, Tumaini alikonda akakauka maziwa, na mkutano wa kijiji ukaamua kwamba akikauka tena, atapelekwa kijiji jirani chenye bonde lisilokauka. Desderi aliuliza kama na yeye angeweza kuhamishiwa huko.

Mwalimu Sichalwe, mwalimu wetu wa kilimo, alisema dawa ni kuvuna nyasi wakati wa mvua, tuzikaushe na kuziweka akiba. Hakuna aliyepinga. Ugomvi ulikuwa juu ya wakati. Januari, sisi wa darasa la sita tulipotaka kuanza mara moja, alituzuia. "Sasa hivi ni tamu kama mchicha," alisema, "ila mtakata kutwa nzima msijaze kikapu." Mwishoni mwa Februari alipasua bua kwa ukucha, akatuonyesha shuke changa lililojikunja ndani. "Hizi zina mimba. Tunakata wiki hii." Wasichana tuliziba midomo kwa viganja. Neno hilo lilifika nyumbani kabla yetu.

Wafipa ni watu wa ulezi. Mkulima wa ulezi husubiri. Mmea wenye mimba kwake ni mzazi, na kuupitishia mundu ni laana. Bibi yangu, mama yake baba, alisimama katika mkutano wa kijiji akiwa bado na udongo wa matuta miguuni.

"Mwalimu, mwanangu, wewe ulezi ukiwa na mimba unaukata?"

"Hapana, bibi. Ulezi nausubiri kwa kuwa nakula mbegu. Ng'ombe anakula jani na bua. Nyasi zikishazaa, nguvu yote imehamia kwenye mbegu, na mbegu zimepukutika. Kinachobaki ni kuni."

"Kumbe chuoni mlifundishwa kuua mama na mtoto."

Watu walicheka, na mwalimu naye akacheka, ingawa alikuwa akijikuna kisogo. Mwenyekiti wa kijiji akakata shauri: wanafunzi wakate upande mmoja wa kilima kama mwalimu anavyotaka, upande wa pili wazazi wangeukata baada ya mbegu kuanguka, kama wakatavyo nyasi za kuezekea.

Mvua ilikuwa bado inanyesha, na hapo ndipo tulipojua kwamba wakati mzuri wa nyasi ni wakati mbaya wa kukausha. Tulijenga vichanja vya fito, tukazigeuza nyasi kila jua lilipochungulia na kuzifunika kila wingu lilipokohoa. Nyingine zilioza. "Mnapika kisamvu?" mwenyekiti aliuliza akipita. Zilizosalia zilikuwa za rangi ya kijani iliyofifia, zikinukia kama majani ya chai, na lundo lake lilikuwa dogo hata kututia aibu. La wazazi, lililokatwa Mei kukiwa kukavu, lilikuwa kubwa kama nyumba.

Kiangazi kilipokaza, Tumaini alianza kulishwa lundo kubwa. Alilinusa, akalivuta, akachagua, kisha akalilalia. Maziwa yakapungua siku hadi siku, hadi uji wa Desderi ukarudia rangi yake ya zamani. Bibi, aliyekuja mwenyewe kumtazama mnyama, aliokota bua moja zizini akalivunja. "Huyu anatutazama kama fundi," alisema. "Anataka kujua nyumba ya kuezeka iko wapi."

Ndipo lundo letu likafunguliwa. Tumaini alikula hadi kulamba sakafu. Lilikuwa dogo, kwa hiyo tulimpimia asubuhi na jioni, na lile kubwa likawa godoro lake na nyongeza ya kujaza tumbo. Maziwa yalirudi, si mengi, lakini hayakukatika hadi mvua zilipoanza. Hakuhamishwa. Mwaka uliofuata mwenyekiti aligonga kengele Februari, na kijiji kizima kikatoka na mundu. Bibi alikuwa mstari wa mbele. Nilimuuliza kama siku hizi anakata mimba. "Sikati," alijibu bila kuinua kichwa. "Ninakamua."

Baadaye nilisoma chuo cha mifugo, na ninayoyafundisha leo vijijini ni yale yale, kwa maneno marefu zaidi. Wafugaji hunisikiliza kwa adabu, wengine hata hupasua bua na kuniambia wenyewe kwamba wakati wa kukata umefika. Lakini siku hizi hakuna kengele ya kijiji, na nyasi zikishaanza kuchanua hazimngojei mtu. Mume na mke hawawezi kukimaliza kilima kabla bua halijawa gumu, na jirani ana kilima chake, ng'ombe wake na shida zake. Februari iliyopita nilisimama pembeni mwa kilima karibu na Kasense, nyasi zikiwa katika ubora wake kabisa, zikiinama kwa upepo. Chini ya kilima niliona mtu mmoja tu akikata. Nilivua viatu nikaomba mundu wa pili. "Dada, huu ndio uliopo," aliniambia. Basi tukapokezana.