Mguu Uliopakwa Mafuta

Mguu wa mama ulivimba ukaanza kutoa usaha. Nikamtoa kisiwani kwetu Kiwayu kwa boti hadi hospitali ya Amu. Daktari akakwangua kidonda, na alichokwangua kikapelekwa bara kupimwa vinasaba. Majibu yalitaja kuvu kwa jina refu, tukaambiwa kipimo hicho hakikosei. Mama akameza dawa kwa miezi, zikamtapisha, na mguu ukazidi kuoza.

Daktari mwingine ndiye aliyeuliza, “Kabla ya kuja mlimpaka nini?”

Hasira zikanipanda, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo. Kwetu mwanamke haendi kwa daktari kabla ya kuoga na kujipaka mafuta, na mama hukamua yake mwenyewe kwa mbata, zile nazi kavu zinazoota kuvu darini. Mashine ya vinasaba haikudanganya. Ilitaja kuvu ya mbata iliyoikuta kwenye mafuta juu ya ngozi. Inayomla mama imejichimbia ndani ya nyama.

Kesho watakata nyama ya ndani, wapime upya. Nimemsihi asijipake kitu. Amenitazama kana kwamba nimemtukana.

“Niende mbele za watu nanuka kidonda?”

Nikaenda kuificha chupa ya mafuta. Sikuikuta.