Siku Walipokuja Kazini Bila Kuitwa

Siku yangu ya kwanza kiwandani, kule Temeke, fomeni wa tanuri alinipa miwani nyeusi akaniambia, "Usitegemee kipimo. Tazama rangi. Chuma kikiiva utakijua tu." Nilidhani ananitania. Baada ya mwaka nilikuwa nakijua hata nikiwa nimekipa mgongo.

Tulikuwa tukiyeyusha vyuma chakavu, tunamimina kwenye kalibu, kisha vipande vinapitishwa kwenye rola mpaka viwe nondo. Nilianzia kwenye chakavu, nikilisha tanuri, nikahamishiwa rola, nikaishia kuwa fomeni wa tanuri mwenyewe. Dereva wa winchi alikuwa Rehema. Miaka yote alipitisha ndoo ya chuma kilichoyeyuka juu ya vichwa vyetu, na hakuwahi kumuunguza mtu.

Kisha Meneja Mkuu akatukusanya. "Uzalishaji unahamia nje," alisema. "Huko umeme ni nafuu." Wenzangu waliondoka wiki ile ile. Mimi nilibakizwa kuwaonyesha mafundi wageni namna ya kufungua mitambo. Nilikubali, na wapo walioacha kunisalimia.

Tanuri lilipopakiwa kwenye kontena, palibaki shimo. Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, niliingia nikawakuta wenzangu wa zamani. Watu kumi na wawili, wamevaa ovaroli, kila mmoja kasimama pale alipokuwa akifanyia kazi. Mikono ya wengine ilikuwa ikisogea kidogo, kama imeshika koleo. Mlinzi aliyewafungulia geti alikuwa amejibanza ukutani.

Rehema alikuwa anatazama juu, mahali ilipokuwa winchi.

"Nani kawaita?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna, kaka. Mie nilijua nakuja peke yangu. Nikawakuta getini."

"Sasa mnafanya nini?"

"Hata sijui. Nenda kwenye nafasi yako."

Nikaenda. Niliposimama ukingoni mwa shimo, mkono wangu ulipanda wenyewe kukinga macho. Uso ukaniwaka. Joto la kweli. Jioni mke wangu aliniuliza nimeungua na nini.

Saa nne, muda wa chai, walitoka mmoja mmoja. Kila mmoja alinipa mkono.

Sasa nimestaafu, naishi Chanika. Vijana huniuliza kama nina kinyongo. Mwezi uliopita fundi anayemjengea binti yangu alishusha nondo zilizotoka nje. "Shikamoo mzee. Hebu nikagulie hizi." Nilikaa nazo asubuhi nzima, nazigonga, nazikunja, natafuta kasoro. Nilitamani sana kuiona. Zilikuwa nondo nzuri. Nikamwambia ajenge.