Mama Suzana na Unga wa Kuonja

Asubuhi ile Mama Suzana aliamka kabla ya mumewe, kama siku zote. Akakoka moto, akabandika uji wa mtama, akatandaza michembe yake, vipande vya viazi vya kukausha, juu ya turubai ili jua likitoka liikute. Mzee Ansgar akatoka akijikokota, akanawa uso, akakaa kwenye kigoda. Mkewe akamletea uji kidogo kwenye upawa.

"Onja."

"Uji nao unaonjwa?"

"Onja, mzee. Unabishana na upawa?"

Akaonja. Akasema sukari haitoshi. Mkewe akasema sukari inatosha, ila ulimi umezeeka. Wakacheka. Wakanywa, kila mtu na kikombe chake, wakaongea habari ya kuku wao anayekwenda kutagia kwa jirani. Jua lilipopanda Mama Suzana, jina lake mwenyewe Mektilda, akaenda kwenye sala za jumuiya. Huko presha ikampanda, na hakurudi tena kwa miguu yake. Mwaka unakaribia sasa tangu azikwe Ushirombo, nyumbani kwao wote wawili.

Wanaokuja kumpa mzee pole husema marehemu alikuwa mcheshi, alikuwa mtu wa sala. Ni kweli. Lakini mzee mwenyewe hukumbuka neno moja, onja. Na neno hilo likija, mwaka wa korona nao unakuja nyuma yake.

Mwaka ule walikuwa hapa hapa Geita mjini, kwenye nyumba yao ndogo, chumba kimoja wamepangisha. Mektilda alikuwa mama lishe. Alipika wali maharage karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mzee alikuwa mlinzi wa karasha mojawapo. Korona ilipoingia, wanunuzi wa dhahabu wakaacha kuja. Dhahabu isiyo na mnunuzi, nani ataiponda? Makarasha yakanyamaza. Mtaa ulivyozoea makelele, watu walikosa usingizi kwa sababu ya ukimya. Wachimbaji wakabaki vyumbani, na mchimbaji asiye na kazi hanunui wali. Masufuria ya Mektilda yakafunikwa kifudifudi. Suzana, binti yao aliyeolewa Chato, alikuwa akiwaletea dagaa. Naye mambo yakamkaba huko huko.

Ndipo Mektilda alipoanza mchezo wake. Jioni anatenga ugali mdogo kama ngumi, anamsogezea mumewe, yeye anakaa pembeni kuchambua mlenda wa kesho.

"Na wewe?"

"Mimi nimeonja onja jikoni, nimeshiba."

Siku ya kwanza mzee alikubali. Siku zilizofuata akaitazama sufuria vizuri. Ugali ule haukuwa na mahali pa kuonjewa. Basi naye akaanzisha wake. Anakula matonge mawili, anasukuma sahani. "Luka alinikaribisha mihogo kijiweni." Luka mwenyewe, rafiki yake wa kijiweni, alikuwa anaota mihogo usingizini. Wakawa wanasukumiana sahani, kila mmoja anamdanganya mwenzake kwa adabu, ugali unapoa katikati.

Katika mchezo huo Mektilda ndiye aliyekuwa akishinda. Gauni lake la Jumapili lilianza kuning'inia. Siku moja aliinua ndoo, akayumba, akajishika ukutani. Akasema ni kizunguzungu cha jua. Siku hiyo kulikuwa na mawingu.

Mzee akaingiwa na hofu. Aliona tu kwamba wakiendelea hivi, atamzika.

Wiki hiyo hiyo serikali ya mtaa ikapata unga. Kata ilichangisha wenye maduka, parokia ikaongeza, magunia yakashushwa ofisini. Mwenyekiti wa mtaa, Deusdedit, kijana wa moyo mzuri na sauti kubwa, akapita na kipaza sauti.

"Tangazo! Tangazo! Wenye njaa wote wafike ofisini wachukue unga!"

Hakuenda mtu.

Mtu wa huku atakwambia mvua imekataa. Atakwambia ng'ombe wamekonda. Atakwambia hata mke amemkimbia, na jina la aliyemchukua atakutajia. Lakini kusimama mchana, mbele ya jirani, aseme ana njaa? Afadhali alale. Na kipaza sauti kilikuwa kimesema wenye njaa, kwa hiyo atakayenyanyuka kwenda ofisini amejitangaza. Thobias, mpangaji wao, mchimbaji mwenye mke na watoto, alitangaziwa mlangoni kabisa. Akatoka, akajinyoosha, akapiga mwayo wa mtu aliyeshiba, akarudi ndani. Mzee Ansgar naye alikuwa kwenye kigoda. Akatazama upande wa ofisi. Akamtazama mkewe. Miguu ikagoma.

Jioni Deusdedit akaja, akakaa mbali kidogo, barakoa kidevuni.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," Mektilda akaitikia. "Mbona umenuna kama umenyang'anywa mchumba?"

"Mama, watu hawaji. Kata wanasema kama mtaa wangu hauna wenye njaa, unga unahamishiwa mtaa mwingine."

"Watakujaje na wewe umewatukana?"

"Mimi? Nimemtukana nani?"

"Umepita na kipaza sauti unawaita wenye njaa. Ungeniita hivyo mimi, ningekumwagia maji ya vyombo."

"Sasa niwaiteje, mama? Wenye vitambi?"

Mektilda akaacha kuchambua mlenda. "Huo unga ulikuwa stoo tangu lini?"

"Sijui. Si siku nyingi."

"Unga ukikaa unakuwa mchungu. Umeuonja?"

"Sijauonja."

"Kata wameuonja?"

"Hapana."

"Basi unagawaje unga ambao haujaonjwa? Tangaza kwamba mtaa unaomba wananchi wausaidie kuonja. Kila nyumba ichukue sado, kindoo kimoja, ipike, ilete jibu."

Deusdedit akakuna kichwa. "Mama, huo si uongo?"

"Umeonjwa?"

"Haujaonjwa."

"Nenda kalale, mwanangu."

Asubuhi kipaza sauti kikapita tena. Unga haujaonjwa! Mtaa umekwama! Mtaa unaomba msaada wa wananchi! Thobias akawa wa kwanza kutoka, sado mkononi. "Kama serikali imekwama tutafanyaje," akasema kwa sauti ya kusikika. "Tuisaidie." Akina mama wakafuata, wamepeana nafasi, wananawa kwenye ndoo ya koki, wanalalamika serikali gani hii isiyoweza hata kuonja unga wake. Walilalamika huku nyuso ziko juu.

Mzee Ansgar akashika kindoo.

"Baba Suzana, unakwenda wapi?" mkewe akauliza, kama vile hajui.

"Ninahitajika ofisini."

Majibu yalipoanza kurudi, mtendaji wa kata alikuja kujionea. Thobias akaulizwa unga ukoje. Akafikiri sana.

"Mwenyekiti, mimi sitaki kuwapotosha. Nilihisi uchungu kwa mbali, lakini huenda ni mdomo wangu tu. Nipimie tena niwe na uhakika."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mtendaji akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Hakuhamisha hata gunia moja, na kata ilipoongeza mengine, nayo yalionjwa. Mtaa ule ulionja mpaka makarasha yakaanza kunguruma tena, na watu wakapata usingizi.

Ila kwa mzee, yote hayo ni ya pembeni. Anachokumbuka ni jioni ya siku ile aliyorudi na kindoo chake. Mektilda alisonga ugali mkubwa, akaweka na mlenda. Safari hii hakukaa pembeni. Akakaa mbele yake, akanawa mikono, akanyoosha mkono sahanini. Akala kimya, tonge baada ya tonge. Mzee akapunguza mwendo apate kumtazama. Mkewe alipomaliza akalamba vidole, akaegemea ukuta, akashusha pumzi.

Mzee akamtania. Je, unga ni mchungu au vipi? Ofisi inasubiri jibu.

Mama Suzana akamwambia:

"Kawaambie leo sijaonja. Leo nimekula."