Anachokifukia Hawe Dhadho

"Mama Kalume, usimpe mtoto wako chochote cha yule bibi," jirani yangu Janet aliniambia kisimani, akigeuka nyuma kama kuku aliyeona mwewe. "Mume wangu kamwona msituni. Anachimba, anafukia vitu, anasema peke yake. Na kichwa cheupe vile!"

Alikuwa akimsema Hawe Dhadho, yaani Bibi Dhadho, mzee wa kabila la Wawaata tunayepakana naye shamba, huku nyuma ya kijiji cha Ganda. Nilipojifungua, mama yangu akiwa mbali, ni yeye aliyenipikia uji na kumkanda mtoto. Nilitaka kumjibu Janet, lakini nikajitwika ndoo, nikaondoka. Huku kwetu mzee akishaitwa mchawi hana amani tena, na wengine wameuawa. Nilifika nyumbani ndoo imebaki nusu, na mboga nikazitia chumvi mara mbili.

Tena siku yenyewe ilikuwa karibu. Jumamosi ni sherehe ya vyakula vya asili pale uwanjani: sisi Wagiriama na mboga zetu za mutsunga, Wawaata na asali yao, majirani kina Monicah wa bara na irio yao ya viazi vya kuponda. Hawe alikuwa ameahidi viazi vya msituni. Sasa nani angevila?

Ijumaa asubuhi nikamfunga Kalume mgongoni, nikamfuata Hawe msituni. Mlinzi wa msitu anamjua, akatupisha.

"Umekuja kunisaidia au kunichunguza?" Hawe akaniuliza.

"Yote mawili, hawe."

"Haya, wewe angalau wasema."

Alishika mti wa kuchimbia, akaufuata mtambaa wa kiazi kwa kidole mpaka shinani. Akachimba upande mmoja tu, taratibu. Kikatoka kiazi kinene kama paja la Kalume. Akakikata, lakini kile kichwa chenye mtambaa akakirudisha shimoni, akakifukia, akakigandamiza kwa kiganja.

"Kaa hapo, unywe mvua," akakiambia. "Baada ya miaka miwili tutaonana."

Kumbe ndicho anachokifukia, kiote tena. Mtambaa wa pili alioukuta aliupita. Aliuchimba mwaka jana, akasema, uache upumzike.

"Hawe, hivi ndivyo ulivyoonekana ukifukia."

"Najua. Jefwa, yule mumewe Janet, alipita hapa juzi. Nikamwita anisaidie kubeba. Alikimbia, akaacha ndara moja! Nimemwekea, haji kuichukua."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliketi chini, akafuta udongo mikononi.

"Waambie basi, hawe. Waonyeshe."

"Niwaambie mimi? Mdomo wangu ndio wanaouogopa. Jana mtu alirusha jiwe juu ya paa langu, mchana kweupe."

Mgongoni Kalume alikuwa ameamka, anamnyooshea mikono kama kawaida yake. Hawe akampa kidole, mtoto akakikamata.

"Ana meno sasa," akasema.

"Anayo. Manne."

"Basi sikia, mwanangu. Kesho nikifunua chungu, watanizunguka wasinikaribie. Hakuna atakayetangulia kula. Mimi nikila mwenyewe, watasema mchawi hadhuriki na chake." Alinitazama. "Nipe Kalume nimpakate. Nimlishe kipande cha kwanza, mbele ya Janet, mbele ya wote, na wewe umesimama hapo hapo. Utanipa?"