Chumba cha Sponji

Fundi Kochi hakuwa mtu wa maneno mengi mbele ya watu. Maneno yake aliyatoa akiwa amewapa mgongo, amepiga magoti mbele ya kochi la mteja, na hapo alizungumza na kila kitu: na sponji, na kitambaa kilichokatwa vibaya, na yule mteja aliyeapa kwamba angekuja Jumatatu. Jina hilo alibandikwa mtaani zamani sana, na hata mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, lilimponyoka mara moja moja akaomba radhi.

Mkewe aliuzoea mgongo huo. Yeye alikuwa jikoni na sufuria zake, mwenzake sebuleni na nyundo yake, na mazungumzo yakapita mlangoni siku nzima bila mtu kugeuka. Ndivyo walivyolea mtoto, wakagombana na kupatana.

Halafu masikio ya mama yakaanza kuchoka. Hakuna aliyegundua, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa mjanja kupita kiasi. Alitazama midomo. Aliitikia "ndiyo" kwa kila kitu, na wengine wakicheka alicheka pia, nyuma yao kidogo, kama mtu aliyechelewa shughulini na hataki ionekane.

Fundi Kochi alikuja kujua muda mfupi baada ya binti kuolewa. Nyumba ilikuwa imepwaya. Alikuwa sebuleni anavisha kiti kitambaa, na kwa kuwa hawakuwa wanatazamana alipata ujasiri wa kuuliza jambo lililomkaa moyoni toka harusi.

"Sasa tumebaki wawili tu," alisema. "Hutanichoka?"

"Ndiyo," mkewe akajibu kutoka jikoni kwa uchangamfu wote, "chakula nimeshakifunika."

Fundi Kochi alicheka. Akacheka tena, peke yake, kisha kicheko kikamkauka, akakaa pale na nyundo mkononi asijue aipige wapi.

Hospitali walikwenda. Mama akapewa kifaa cha kuvaa sikioni, nacho kikapaza kila kitu sawasawa, sufuria, pikipiki za nje na maneno ya watu, hata siku ya tatu akakilaza kwenye droo pamoja na vifungo. Hakutaka kuulizwa habari zake tena.

Lililomuuma zaidi fundi ni Jumapili. Alasiri ya Jumapili ilikuwa ya picha. Binti alikuja na mumewe, akaja na shemeji, mdogo wake mama, mtu wa maneno kweli kweli, wakajazana sebuleni mbele ya televisheni kutazama picha za kuchekesha. Enzi zake mama alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi kwa pindo la nguo. Sasa picha ikianza tu, alikumbuka vyombo. Hakukuwa na sahani safi mtaa mzima kama za nyumba ile. Fundi Kochi aliyasikia maji yakimwagika jikoni, akatazama kiti kitupu kando yake, na kuhusu picha asingeweza kukwambia hata nani alikuwa nani.

Ndipo siku moja aliposimama mbele ya uso wa mkewe, akasema polepole, "Nitakujengea sinema."

"Sinema ya nini? Mimi nina kazi."

"Hapa hapa nyumbani. Kwenye ile stoo."

Mama alimtazama kama anayemtazama mtu mwenye homa, akarudi kwenye vyombo vyake.

Hesabu ya fundi ilikuwa nyepesi: asiyesikia vizuri apewe sauti kubwa. Akatafuta spika mbili zilizostaafu kwenye ukumbi wa sherehe, kila moja inamfika kiunoni. Alipoziwasha mara moja uani, mbwa wa jirani aliruka ukuta. Basi, ili asifukuzwe mtaani, ilibidi chumba kizibwe, na kuziba ndiyo kazi aliyoijua. Mwingine angejenga ukuta wa pili. Fundi Kochi aliamua kukivisha chumba kama anavyovisha kochi.

Alitoa miguu ya viti vibovu na mbao zilizojaa stoo. Dirisha alilipigilia ubao. Akachonga fremu kutoka mbao za makochi ya zamani, akazisimamisha kuta zote nne, akashindilia sponji, akavuta juu yake kitambaa chekundu kilichokataliwa na mteja aliyebadili mawazo, akafunga vifungo kimoja kimoja, kila kifungo kimevishwa kitambaa chake. Dari nayo akaivisha, amesimama juu ya meza, shingo imepinda. Sakafuni akatandika zulia nene. Mlango aliuvisha pande zote mbili, ukanenepa ukagoma kufunga, ikabidi aupunguze upande mmoja huku akiusema kama mtoto mtukutu. Ukuta wa mbele akawamba kitambaa cheupe cha picha, kimenyooka hata ukikipiga kidole kinalia. Mwisho akaingiza makochi mawili, la nyuma likiwa juu ya jukwaa dogo ili mtu asizibwe na kichwa cha mwenzake.

Shemeji alikuja kukagua. Akabonyeza ukuta, mkono ukazama.

"Shemeji, hapa umeshona kochi halafu ukajisahau ndani yake."

"Cheka tu. Jumapili utaomba nafasi."

Jumapili ikafika. Mkwe alileta projekta, akaipanga, akaunganisha spika, akashika waya wa umeme mkononi, akazunguka chumba mara moja, akazunguka tena.

"Baba, samahani. Soketi iko wapi?"

Fundi Kochi alizitazama kuta zake. Soketi alikuwa nayo, tena nzuri kabisa. Fundi huyu, mtu wa kufunika kila kilicho wazi, alikuwa ameifunika na soketi, na vifungo juu yake.

Shemeji aliangua kicheko cha kumkalisha chini. Binti akaziba uso. Mkwe, kijana wa adabu, alitoka akazima umeme wa nyumba kwanza, akarudi na tochi. Mama alikuwa kwenye kochi la nyuma, pembeni kabisa, karibu na mlango. Alikuja ili asimvunje moyo mumewe, na jicho lake lilikuwa linapima njia ya kurudi kwenye vyombo.

Fundi Kochi alipiga magoti, uso ukutani, akaanza kupapasa. Sponji ilikuwa ile ile kila mahali. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na kama kawaida yake akaanza kusema na kazi, chini chini.

"Mzee mzima najiaibisha mbele ya mkwe. Bora ningemwacha na sahani zake."

"Sahani nimeshaosha," ikasema sauti nyuma yake. "Na aibu zako hazijaanza leo."

Binti aligeuka.

"Mama, umeuona mdomo wake?"

"Mdomo gani? Si anatazama ukuta?"

Fundi Kochi hakugeuka. Aliogopa kugeuka. Akasema polepole zaidi, karibu ajisemee moyoni, "Umenisikia?"

"Nimekusikia. Kwani nani kasema sisikii?"

Mkwe alipiga makofi mara moja, akatega sikio. Kofi lilikufa pale pale. "Ni sponji, baba," akasema. "Sebuleni kuna vigae na vioo, sauti inagonga inarudi, inavuruga maneno. Humu hairudi."

"Sebuleni mnaongea kama mmo ndani ya pipa," mama akasema. Alilisema hilo kwa hasira kidogo, kama mtu aliyengoja muda mrefu aulizwe.

Soketi aliipata shemeji. Alikuwa ameegemea ukuta akijifuta machozi ya kicheko, akahisi kitu kigumu kinamchoma mbavuni. Fundi Kochi akakipasua kitambaa kwa kisu, kazi yake mwenyewe, wala hakuionea uchungu.

Umeme uliporudishwa na zile spika kuwashwa, mama aliziba masikio. "Punguzeni, mtanipasua kichwa!" Zikapunguzwa, zikapunguzwa tena, mpaka moja ikazimwa kabisa, na toka siku hiyo ni meza ya kuwekea vikombe. Picha yenyewe ilihusu mlinzi mwoga aliyepewa lindo la makaburini. Mlinzi alipoanza kumdanganya bosi wake kwa simu, mama alicheka. Alicheka kabla ya shemeji, kabla ya binti, kabla ya watu wote, akajifuta macho kwa pindo la nguo. Fundi Kochi machozi yalimtoka, akasingizia vumbi la sponji.

Picha ilipokwisha, wengine walitangulia ndani kwenda kutenga chakula. Fundi Kochi akabaki amepiga magoti, anakunja nyaya. Mkewe alikuwa bado kochini nyuma yake. Vyombo vilikuwa vinamngoja, naye hakuinuka.

Fundi alikunja waya ule ule mara mbili. Kisha akauambia ukuta, kwa sauti yake ya kazini, "Tumebaki wawili tu. Hutanichoka?"

Akaufunga ule waya fundo. Akadhani bahati imekwisha, akanyoosha mkono kuchukua waya mwingine.

"Nimekuchoka zamani," mkewe akasema. "Acha hizo nyaya, njoo ukae."

Akajisogeza, akampisha nafasi.