Kuku wa Mwisho wa Mama

Magome ya miti ya miwati yakichunwa wakati wa mvua hutoa harufu chungu inayokwama kooni, na mpaka leo nikiinusa mabega yangu hulegea kama ya mtu aliyeambiwa arudi kazini. Baba alikuwa mchunaji wa magome hayo, yaliyouzwa kwa kulainishia ngozi, katika shamba la mlowezi mmoja nje ya Eldoret, upande wa kwenda Turbo. Tulikuwa tumetoka Maragoli kufuata kazi, tukapewa kibanda na kipande cha kulima mahindi, kwa sharti ambalo hata sisi watoto wa shambani tulilijua: kibanda ni cha mwenye kufanya kazi. Mwaka ule mvua zilikuwa kubwa, magome yalibanduka kwa urahisi, na watu walifanyishwa kazi mpaka wakasahau Jumapili. Siku mti ulipomwangukia baba na kumsaga mguu, mimi nilikuwa msichana wa miaka tisa.

Alipelekwa kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi hospitali ya misheni kule Plateau. Nyapara hakungoja hata wiki iishe. “Mama, bwana anasema mahindi mtavuna, halafu mtoke kwa nyumba,” alimwambia mama, akitazama chini. Tungehamia wapi, na baba ndiye huyo kitandani? Waumini wenzetu walikuja kutufariji, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alisema Mungu ana makusudi. Mzee wa kanisa akaongeza kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. “Mzee, koleo lenyewe ni mguu wa mume wangu,” mama alimjibu, akampa kiti. Niliwachukia wote. Walikwenda zao kabla ya giza, na maji ya mtoni tulijitekea wenyewe.

Siku hizo mgonjwa alipikiwa na watu wake. Nyuma ya wodi kulikuwa na kibanda cha kupikia kilichojaa moshi, na hapo mama na mimi tulihamia na sufuria moja, unga, na kuku. Kuku huyo alikuwa mtetea wa mwisho tuliyebaki naye. Mama alikuwa akimtunza ili popote tutakapotupwa, tuanze naye. Kwenye kitanda cha pili kutoka kwa baba alilala mzee wa Kinandi ambaye watu wake walikuwa hawajafika kwa siku tatu. Alikuwa akinywa maji na kugeukia ukutani. Mama alimtazama, akaomba kimya kwa muda mrefu, kisha akaniambia nimshike kuku miguu. Kwetu mgeni asiyechinjiwa kuku hajapokelewa. Nilimshika huku nikilia kwa hasira, maana niliona tunachinja makao yetu.

Mzee alilitazama bakuli, akamtazama mama kwa huruma. “Mama, asante sana,” alisema. “Lakini mimi hapana kula ndege. Kwetu mzee hapana kula.” Mama hakuwa amelia mti ulipoanguka, wala tulipoambiwa tuhame. Siku hiyo aliketi sakafuni katikati ya vitanda na kulia kwa sauti. “Bwana, hata kutoa nimeshindwa,” alisema.

Mchuzi ulikuwa unapoa. Baba aliniambia niuzungushe. Nikapita kitanda kwa kitanda, na hapo ndipo tulipogundua ni wangapi hawakuwa na mtu wa kuwapikia. Mama alijifuta uso, akamkorogea mzee wa Kinandi uji wa wimbi. Kesho yake wagonjwa hao walikuwa wakimngoja mama. Waliokuwa na jamaa wakaanza kumletea unga uliobaki, na kabla mahindi yetu hayajakauka shambani, sista aliyesimamia wodi alimwajiri kuwapikia wasio na watu, akatupa chumba nyuma ya jiko. Baba hakutembea tena bila mkongojo. Alipasua kuni akiwa amekaa, na nyingi zilikuwa za miwati.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mama kama Mungu alimvunja baba mguu ili apate mpishi. Alikasirika. “Mungu si nyapara,” alisema. “Mguu ulivunjwa na mti. Yeye alinikuta pale sakafuni nikilia, akanionyesha nani hajala.”

Leo miwati imekatwa, mji umemeza shamba lile, na wodini wagonjwa hupikiwa na hospitali yenyewe. Lakini maneno ya kufariji hayajabadilika. Mwezi uliopita nilimzika mume wangu, na waumini wenzangu walikuja wote kuniambia Mungu ana makusudi. Niliitikia tu, magoti yananiuma na sina tena nguvu za kuwachukia watu. Walipoondoka niliingia jikoni, na nilipopakua nikaona nimesonga ugali wa watu wawili, kama kawaida. Nilikaa nikiutazama, nimechoka hata kulia siwezi. Kisha nikafunika sahani ya pili, nikajifunga leso, nikaenda kubisha kwa jirani kuuliza kama kuna ambaye hajala.